Hatua chache zinavyoamua kiwango cha ulemavu kwa wagonjwa wa MS

MGONJWA anasimama nyuma ya mstari uliochorwa sakafuni, katika ujia wa hospitali. Mbele yake, umbali wa futi 25, yaani mita 7.62, kuna mstari wa pili. Daktari aliyeshika saa ya kuhesabu sekunde anamwagiza atembee upesi kadiri awezavyo, mradi asihatarishe usalama wake. Akishauvuka mstari wa pili, hugeuka na kurudi alikotoka. Muda wa safari hizo mbili hujumlishwa, kisha ukagawanywa kwa mbili ili kupata wastani.

Mtu mzima mwenye afya huumaliza mwendo huo kwa sekunde nne au tano hivi. Kwa mwenye ugonjwa unaoshambulia neva, sekunde hizo zaweza kuwa nane, 20 au hata dakika nzima. Kipimo chenyewe huruhusu hadi dakika tatu.

Ni jambo linaloonekana dogo, lakini vipimo vya aina hii ndivyo hutumiwa kuamua mambo mazito: iwapo dawa inamfaa mgonjwa, iwapo maradhi yanasonga mbele, na katika mataifa mengine, iwapo serikali itamtambua kuwa mwenye ulemavu anayestahili msaada au itamrejesha nyumbani mikono mitupu. Ndiyo maana inafaa kufahamu vipimo hivi hufanya kazi vipi, na ni mambo gani ambayo haviyaoni.

Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa unaozungumziwa hapa ni maltipo sklerosisi, ambao kwa kifupi huitwa MS. Hushambulia ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Neva zaweza kulinganishwa na nyaya za stima. Waya huvishwa gamba la plastiki ili umeme usivuje njiani. Vivyo hivyo, nyuzi za neva zimevikwa utando wa mafuta uitwao mielini, ambao huuwezesha ujumbe kusafiri kwa kasi kutoka ubongoni hadi viungoni.

Kwa mwenye MS, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na viini vya maradhi, huugeukia utando huo na kuushambulia kana kwamba ni adui. Panapoharibiwa mielini hubakia kovu gumu, na ujumbe unaopitia hapo huchelewa, hupotoka au hukatika kabisa. Jina la ugonjwa huu lina maana ya makovu mengi. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot, aliyefanya kazi katika hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, ndiye aliyeueleza kwa utaratibu mwaka 1868, alipolinganisha dalili za wagonjwa wake na makovu aliyoyakuta katika miili yao baada ya kufa.

Shirikisho la Kimataifa la MS lilikadiria mwaka 2020 kwamba watu milioni 2.8 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu. Huwapata wanawake angalau maradufu ya wanaume, na wengi hugunduliwa wakiwa kati ya umri wa miaka 20 na 40, wakati ambapo mtu anajenga kazi na kulea watoto. Hauambukizi. Hauna tiba ya kuuondoa kabisa, ingawa zipo dawa za kuupunguza kasi.

Kwa jumla, ugonjwa huu huonekana zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta, kama vile za kaskazini mwa Ulaya na Amerika Kaskazini. Haina maana kwamba Afrika Mashariki haumo. Wapo Wakenya wanaougua, na baadhi yao huishi miaka mingi wakitibiwa maradhi mengine, kwani kuugundua huhitaji daktari bingwa wa neva na picha za mashine ya MRI, huduma ambazo hupatikana zaidi katika miji mikubwa na kwa gharama isiyo ndogo.

Kwa nini miguu?

Huenda msomaji akajiuliza: ikiwa MS hushambulia ubongo na uti wa mgongo, mbona wataalamu wakakazania miguu?

Jibu ni kwamba kutembea ni kazi inayozihusisha karibu sehemu zote za mfumo wa neva kwa wakati mmoja. Amri ya kuunyanyua mguu hutoka ubongoni na kuteremka kwa njia ndefu kupitia uti wa mgongo. Kovu moja tu popote katika njia hiyo laweza kuikwamisha. Sehemu ya nyuma ya ubongo ndiyo huratibu mwendo ili mtu asipepesuke kama mlevi. Neva za hisia huujulisha ubongo iwapo wayo umekanyaga mchanga au saruji. Macho nayo huonyesha njia.

Hivyo basi, MS inaweza kuuharibu mwendo kwa namna nyingi. Kuna mgonjwa ambaye wayo wake umelegea, ukawa unajikwaa hata kwenye zulia. Kuna mwingine ambaye misuli ya mapaja imekakamaa kama ubao. Yupo anayeyumba kwa kukosa uthabiti, na yupo asiyehisi ardhi chini ya miguu yake, hata akalazimika kuitazama kila hatua. Wote hawa wataonekana kuchechemea, lakini kila mmoja kwa sababu yake. Ukipima mwendo, unakuwa umegusa mambo mengi kwa mkupuo mmoja.

Mizani ya Kurtzke

Mizani inayotumiwa zaidi duniani kupima ulemavu wa wagonjwa wa MS ilibuniwa na John F. Kurtzke, daktari wa neva Mmarekani aliyewahudumia wanajeshi wastaafu. Aliichapisha mara ya kwanza mwaka 1955, kisha akaipanua mwaka 1983. Wataalamu huiita kwa herufi EDSS.

Mizani hiyo huanzia sufuri hadi 10. Sufuri ni mtu ambaye daktari akimchunguza haoni kasoro yoyote, na 10 ni kifo kilichosababishwa na MS. Kuanzia alama ya kwanza, mizani hupanda kwa nusu alama.

Katika alama za chini, daktari huchunguza mifumo mbalimbali ya mwili: nguvu za misuli, uratibu wa mwendo, hisia, macho, kumeza na kutamka, haja ndogo na kubwa, pamoja na akili. Kila mfumo hupewa alama yake. Lakini kuanzia alama ya nne, jambo linalotawala ni umbali ambao mgonjwa anaweza kutembea.

Aliye katika alama ya 4.0 anaweza kutembea kama mita 500 bila kupumzika wala kusaidiwa. Katika 4.5 umbali huo hushuka hadi mita 300, katika 5.0 huwa mita 200, na katika 5.5 huwa mita 100. Anayehitaji mkongojo au msaada wa upande mmoja ili kuzimaliza mita 100 hupewa 6.0. Anayehitaji kushikilia pande zote mbili, kwa mfano kwa magongo mawili, ili atembee mita 20 pasipo kupumzika, hupewa 6.5. Asiyeweza kupita mita tano hata akisaidiwa huhesabiwa kuwa amefika 7.0, na maisha yake kwa kiasi kikubwa huwa ya kiti cha magurudumu. Kuanzia 8.0 kwenda juu, kinachoangaliwa ni iwapo mgonjwa amelazwa kitandani na iwapo bado anaweza kuitumia mikono yake, kula na kuzungumza.

Uzuri wa mizani hii ni kwamba daktari wa Nairobi akisema mgonjwa wake ana 6.0, daktari wa London au Chicago huielewa hali hiyo mara moja. Majaribio mengi ya dawa yameitegemea. Dawa ya ocrelizumab, ambayo mwaka 2017 ilikuwa ya kwanza kuidhinishwa nchini Marekani kwa aina ya MS inayozidi kudhoofisha tangu mwanzo, ilithibitisha manufaa yake kwa kuonyesha kwamba waliopewa hawakupanda ngazi za ulemavu kwa kasi kama wenzao waliopewa kimiminika kisicho na dawa.

Mizani yenye kasoro

Hata hivyo, mizani hii imekosolewa kwa miaka mingi, na lawama zenyewe zina msingi.

Kwanza, alama zake hazilingani uzito. Kutoka 1.0 hadi 1.5 ni badiliko ambalo mgonjwa mwenyewe huenda asilitambue. Kutoka 6.0 hadi 6.5 ni tofauti ya mkongojo mmoja na miwili, na kwa mtu aliyezoea kubeba mtoto au kikapu cha sokoni kwa mkono uliobaki, hiyo ni tofauti kubwa mno.

Pili, katika alama za kati, mizani hii hutazama miguu na kusahau mengine. Chukulia mwalimu wa umri wa miaka 35 ambaye anaweza kutembea nusu kilomita bila mkongojo. Katika mizani ya Kurtzke, huyo amekaa katika alama ya nne. Lakini huenda vidole vyake vimepoteza wepesi hata hawezi kuandika ubaoni, uchovu unamlemea ifikapo saa tano asubuhi, na anasahau majina ya wanafunzi aliowafundisha muhula mzima. Miguu yake ingali inatembea, ila kazi yake imekwisha ponyoka.

Tatu, madaktari wawili wakimpima mgonjwa yule yule, huenda wakatofautiana, hasa katika alama za chini. Isitoshe, zahanati nyingi hazina ujia wa kumtembeza mtu mita 500. Daktari humuuliza tu mgonjwa anaweza kufika wapi, naye hukisia. Wengi wetu hatujui mita 300 ni umbali gani hasa.

Saa, ujia na maswali

Ili kuziba mapengo hayo, wataalamu wamebuni vipimo vingine vya kuusaidia ule wa Kurtzke.

Kipimo cha futi 25 kilichoelezwa mwanzoni ni mojawapo. Kilijumuishwa katika mkusanyiko wa vipimo ulioandaliwa nchini Marekani katika miaka ya tisini, pamoja na kipimo cha mikono ambapo mgonjwa huchomeka na kuchomoa vijiti tisa kwenye matundu, na kingine cha hesabu za kujumlisha ili kuupima wepesi wa akili. Wataalamu kwa kawaida huchukulia kwamba muda wa kutembea ukibadilika kwa asilimia 20 au zaidi, basi jambo la maana limetokea. Aliyetumia sekunde 10 mwaka jana na sasa anatumia 12 anastahili kuangaliwa kwa makini.

Sekunde hizo zina uhusiano na maisha halisi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 ulibaini kuwa wagonjwa waliotumia sekunde sita hadi karibu nane walikuwa na uwezekano zaidi wa kuwa wamebadilisha kazi kwa sababu ya MS na kutembea kwa mkongojo. Waliotumia sekunde nane au zaidi wengi wao walihitaji vifaa vikubwa zaidi vya kutembelea na hawakuweza kujifanyia shughuli za kawaida za nyumbani.

Lakini futi 25 ni umbali mfupi. Kuna wanaoumaliza vyema kisha wakaishiwa nguvu baada ya mita 100. Kwa hao, kipimo cha dakika sita ndicho kinachofaa: mgonjwa hutembea kwenda na kurudi katika ujia kwa dakika sita, kisha umbali wote huhesabiwa. Mara nyingi mtu mwenye MS huanza kwa mwendo mzuri, halafu kasi ikashuka dakika baada ya dakika. Kwa wasiomudu dakika sita, kipo kipimo cha dakika mbili. Kingine humtaka mgonjwa ainuke kitini, atembee mita tatu, ageuke, arudi na kuketi, na hapo daktari hupata kuona hatari ya kuanguka wakati wa kugeuka.

Na kwa kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wataalamu waliona busara kumuuliza mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2003, Jeremy Hobart na wenzake nchini Uingereza walichapisha orodha ya maswali 12 kuhusu majuma mawili yaliyopita. Je, MS imekuzuia kiasi gani kupanda ngazi? Imekuzuia kusimama unapofanya kazi? Umelazimika kushikilia kuta au samani ndani ya nyumba? Umelazimika kuuwazia mwendo wako kila unapotembea? Kila jibu hupewa alama kuanzia moja hadi tano.

Swali hilo la mwisho lina uzito wake. Hakuna saa iwezayo kuonyesha kwamba mtu alifika salama, lakini akili yake yote ilikuwa katika nyayo, hata hakuweza kujibu salamu njiani.

Faida ya kuvitumia vipimo hivi ilidhihirika mwaka 2010, Marekani ilipoidhinisha dawa ya dalfampridine, ya kwanza kuruhusiwa kwa lengo mahususi la kuboresha mwendo wa wagonjwa wa MS. Dawa hiyo haiponyi ugonjwa, na ni sehemu tu ya wagonjwa walioitumia ambao mwendo wao uliongezeka kasi. Walitambuliwa kwa ile ile saa ya futi 25.

Joto na uchovu

Kuna jambo jingine linalotatiza vipimo vyote hivi. Mgonjwa wa MS wa asubuhi si yule wa jioni, na wa Jumatatu si yule wa Alhamisi.

Daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aligundua mwaka 1890 kwamba baadhi ya wagonjwa walififia macho kila walipojichosha kwa mazoezi. Baadaye ilifahamika kuwa kiini chake ni joto. Mwili ukipata joto, hata kwa kiasi kidogo tu, neva zilizopoteza mielini hushindwa kupitisha ujumbe, na dalili huzidi mpaka mwili upoe tena.

Kwa mkazi wa Mombasa, Garissa au Lodwar, hili si jambo la vitabuni. Mgonjwa aliyepimwa saa mbili asubuhi katika chumba chenye kipoza hewa anaweza kutembea vizuri, kisha saa nane mchana akashindwa kuvuka barabara kutoka kituo cha matatu. Vipimo vyote viwili ni vya kweli. Tatizo ni kwamba daktari ameona kimoja tu.

Mita 20 za Uingereza

Madhara ya kutegemea umbali pekee yalionekana wazi nchini Uingereza. Mwezi Aprili 2013, serikali ya nchi hiyo ilianza kuondoa ruzuku ya zamani ya watu wenye ulemavu walio katika umri wa kufanya kazi na kuanzisha mpya iitwayo PIP. Awali, kigezo kilichozoeleka cha mtu asiyeweza kutembea vya kutosha kilikuwa mita 50 hivi. Chini ya mpango mpya, kiwango cha juu kabisa cha msaada wa usafiri kwa anayedai kwa msingi wa umbali wa kutembea kilitengewa asiyeweza kupita mita 20.

Mita 20 ni kama urefu wa mabasi mawili yaliyofuatana. Anayeweza kutembea mita 30 kwa mkongojo hawezi kufika dukani na kurudi, lakini katika karatasi amevuka mstari. Na kiwango hicho cha juu ndicho kinachomwezesha mtu kujiunga na mpango wa kukodishiwa gari, ambalo kwa wengi ndilo huwafikisha kazini. Chama cha wagonjwa wa MS cha nchi hiyo kiliendesha kampeni kutaka kanuni hiyo ifutwe.

Sheria yenyewe iliweka kinga muhimu. Haitoshi mtu kuwa anaweza kutembea umbali fulani. Ni lazima aweze kufanya hivyo kwa usalama, kwa namna inayokubalika, kwa kurudia kila inapohitajika, na bila kutumia zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu asiye na ulemavu. Aidha, hali inayohesabiwa ni ile inayomkabili kwa zaidi ya nusu ya siku zake. Mgonjwa anayeyafahamu masharti hayo manne huwa na la kusema mbele ya mkaguzi. Asiyeyafahamu hujibu tu, "Naam, naweza kutembea," na jibu hilo likawa ndilo hukumu.

Hapa nyumbani

Nchini Kenya hakuna kanuni ya mita 20. Anayetaka kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lililobuniwa chini ya sheria ya 2003, hutakiwa kwanza kufanyiwa tathmini na madaktari katika hospitali iliyoidhinishwa. Usajili huo ndio humwezesha, miongoni mwa mengine, kuomba nafuu ya kodi ya mapato. Mwaka 2025 sheria hiyo ya 2003 ilibadilishwa kwa sheria mpya.

Ulemavu ambao macho yamezoea kuuona ni ule usiobadilika: mguu uliokatwa au uliopooza kwa polio. Ulemavu wa MS huja na kuondoka, hujificha asubuhi na kujitokeza jioni. Anayeingia chumba cha daktari akitembea kwa miguu yake ana kibarua kigumu cha kueleza kwamba kuna siku hawezi kufika msalani.

Kwa sababu hiyo, wataalamu huwashauri wagonjwa kujiandaa kabla ya kupimwa. Weka daftari na uandike kila siku umetembea kutoka wapi hadi wapi, umepumzika mara ngapi na umeanguka mara ngapi. Badala ya kukisia mita, taja mahali: kutoka mlangoni hadi kwenye lango la ploti, kutoka stejini hadi kanisani au msikitini. Umbali huo unaweza kupimwa baadaye.

Nenda na kifaa unachokitumia kila siku. Wako wanaoacha mkongojo nyumbani kwa kuona haya, nao hupimwa kama watu wasiouhitaji. Mweleze daktari kilichofuata baada ya kutembea, si mwendo wenyewe pekee. Ikiwa safari ya kuja hospitali itakulaza kitandani kesho yake, hiyo ni sehemu ya kipimo. Nenda na jamaa anayeishi nawe, kwani yeye huona mengi unayoyasahau au unayoyaficha. Na ikiwezekana, omba upimwe kwa njia ile ile na saa ile ile kila unaporudi kliniki, ili mabadiliko yatakayoonekana yawe ya ugonjwa, si ya jua.

Kupimwa mapema kuna manufaa zaidi sasa kuliko zamani. Julai 2023, Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS, yaani cladribine, glatiramer na rituximab, katika orodha yake ya dawa muhimu, hatua inayoweza kuzisaidia serikali za nchi zisizo tajiri kuzinunua. Dawa za aina hii hufaa zaidi zinapoanza kutumiwa kabla makovu hayajawa mengi. Mwendo unaopungua kasi kwa sekunde mbili kila mwaka ni onyo ambalo jicho la jirani halioni, lakini saa ya daktari huliona, ikiwa tu kipimo cha kwanza kiliandikwa na kuhifadhiwa.